Kamina: Milango ya Coccinelle ya papa inavaa skayi mupya

Wasomaji wetu wa Kolwezi na Likasi wanaijua hii gari: Volkswagen Coccinelle, yenye mugongo wa duara na moteri nyuma. Ile tuliyoikuta Kamina, mu parsele moja karibu na gare, ilinunuliwa Kolwezi na papa mumoja wa Gécamines. Mwaka 2003, wakati wafanyakazi zaidi ya 10.000 walitoka mu kampuni kwa ule mupango wa « départ volontaire », papa alipakia gari yake mu wagoni, ikapita Tenke mupaka hapa kwao. Mwaka ule ule, tarehe 30 mwezi wa saba, kiwanda cha Puebla, inchi ya Meksiko, kilitosha Coccinelle ya mwisho, kisha zaidi ya milioni 21 kutengenezwa mu dunia nzima.

Papa hayuko tena. Moteri ingali inatembea muzuri, lakini ndani ya milango ni huruma. Batoto wanataka gari iwe safi mbele ya siku ya kumaliza kilio. Mutoto mukubwa, anayechimba kasiterite upande wa Malemba-Nkulu, njo alileta feza. Alitaka skayi nyeusi, na mustari wa rangi ya shaba katikati.

Garnitiri ni lile bao jembamba linalofunika chuma cha mulango kwa ndani. La Volkswagen ni karatasi ngumu iliyogandamizwa, juu yake skayi. Hapa lilikuwa limevimba na kuoza chini, sawa biskuti mu chai. Mutu wa kwanza aliyeombwa kazi alitaka kubandika skayi mupya juu ya ya zamani, siku moja na kuisha. Mutoto alikataa, na tunaona alifanya vizuri.

Fundi wa sasa, anayeshonaka viti vya kamyo na vya nyumbani, alianza kwa kufungua. Anatosha maniveli ya kioo, anatosha musumari wa mukono wa mulango, kisha anaingiza chuma bapa karibu kabisa na kila klipsi. Ukivuta bao kwa pembeni, linapasuka.

« Muangalie maji inapitaka wapi, » alituambia.

Wengi hawajui hii: mulango wa gari unaingiaka maji. Mvua inateremuka na kioo, inapita ku kauchu, inaingia ndani ya mulango, na inapashwa kutoka chini kwa matundu madogo. Mu hii gari matundu yote yalizibwa na vumbi nyekundu ya Kamina. Na ile plastiki ya kukinga bao ilikuwa imepasuka zamani. Maji ililala pale, bao likainywa, chuma kikakula kutu. Kama wangefunika tu, mulango ungeendelea kuoza kimya chini ya skayi ya kupendeza.

Basi siku mbili zilipita bila kugusa skayi. Alizibua matundu kwa waya, akakwangula kutu, akapakaa rangi ya kuzuia kutu, akabandika plastiki mupya. Batoto walianza kunungunika. Walilipa kwa kuona mustari wa shaba, si kwa plastiki.

Garnitiri mupya za Coccinelle zinauzwa Ulaya, lakini kuzifikisha Kamina ni safari ingine. Fundi alilaza bao la zamani juu ya triplex ya milimita 3, akafuata mupaka wake na kalamu, matundu ya klipsi vilevile. Triplex nene ni makosa: klipsi hazishike, na maniveli inasugua. Mustari ulishonwa na mashini mbele ya kubandika. Kole anapakaa pande mbili, anangoja mupaka haikamate tena kidole, njo anabandika. Kazi hii anaifanyaka inje, mbali na mbabula, maana harufu ya kole inazungusha kichwa na inaweza kuwaka moto. Wachimbaji hatuna haja ya kuwaeleza hewa mubaya ni nini.

Shida ingine ilitoka kwa mama. Ku mulango wa shofere, skayi ya zamani ilikuwa imekwisha rangi pahali mukono wa kushoto wa papa ulikuwa unapita kila siku. Mama aliona fundi anaitupa pembeni.

« Hapana, fundi. Pale njo mukono ya bwana yangu. »

« Mama, itaonekana sawa kiraka, » mutoto akasema.

« Iwe kiraka. Weye ulikuwa mudogo, haukumuona namna alikuwa anatufikisha ku kazi na ku masomo. »

Fundi hakujibu kitu. Aliweka ile skayi ngumu ku jua mupaka ikalainika, akakata kipande kama sahani ndogo, akakishona ndani ya nyeusi, pahali pake palepale, chini ya mustari wa shaba. Mutoto alizunguka gari mara mbili bila kusema. Sisi tulikiona: ni kiraka kweli. Lakini mama alipanda upande wa shofere, yeye asiyejua kuendesha, akaweka mukono pale.

Mulango wa kuume ungali wazi, chuma inje. Skayi nyeusi ilikwisha, na fundi anangojea ingine toka Lubumbashi. Kilio kitamalizwa mwisho wa mwezi.