Pumzi ya Jiko (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulizungumza habari za kuni na ukavu wake. Leo, kwa idhini ya mhariri, tuingie jikoni penyewe tulitazame jiko kama tabibu amtazamavyo mgonjwa, yaani tuanzie kifuani.

Mafiga matatu, ambayo tangu enzi na dahari yamebeba vyungu vya ndizi na maharage kutoka Bugene hadi Murongo, hayajui ugonjwa wa pumzi. Hewa huyafikia kutoka pande zote, jivu likizidi hufagiliwa, na moshi huenda utakako, aghalabu machoni mwa mpishi. Kwa sababu hiyo bibi zetu, waliotuachia wasia wa kila namna katika mapishi, hawakutuachia hata mmoja wa kusafisha tumbo la jiko, maana jiko lao halikuwa na tumbo. Basi yalipokuja majiko ya udongo yenye mlango, wavu na dohani, ambayo huku Karagwe jumuiya ya CHEMA ilikuwa miongoni mwa walioyahimiza ili kupunguza matumizi ya kuni, tuliyapokea kwa furaha, tukayatumia kama mafiga.

Na ajabu ni kwamba elimu ya pumzi ya moto haikuwa ngeni katika nchi hii. Wahunzi wa Karagwe, ambao vyuma vyao msafiri Mwingereza Speke alivistaajabia katika makao ya mfalme wao, Mukama Rumanyika, alipofika huko mwaka 1861, walijua fika kwamba moto haupati nguvu kwa makaa peke yake bali kwa mivukuto, na kwamba bomba la udongo likizibwa na taka ya chuma, kazi ya mchana kutwa huwa bure. Lakini elimu hiyo ilibaki kwa mhunzi, wala haikuvuka kizingiti cha jikoni.

Hewa ya jiko la udongo huingia chini, hupita katika wavu, hukutana na kuni, kisha hupanda dohani. Jivu likijaa chini ya wavu, njia hufungwa. Kuni hukosa hewa ya kutosha, na kile kisichowaka hupanda kuwa moshi na kuganda dohani kuwa masizi. Masizi nayo huibana dohani, mvuto wa hewa hupungua, moshi huzidi, na ugonjwa hujizaa wenyewe. Kwetu sisi, ambao vilima vyetu vingi vimepindukia mita 1,500 na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, maharage hukaa motoni muda mrefu kuliko ya watu wa pwani, na masizi huongezeka kwa kadiri hiyo. Nilipata kumwona mama mmoja, jirani yangu, akilivunja jiko lake kwa jembe huku akisema limezeeka. Katika kifusi chake tulikuta jivu limeshindiliwa hadi kwenye wavu, na udongo wenyewe ungali mzima.

Dawa, basi, ni kulikomba jivu kila asubuhi kabla ya kuwasha. Dohani yatosha kupanguswa mara moja kwa mwezi, na mara mbili wakati wa masika kuni zikiwa na unyevu, kwa mwanzi mrefu uliofungwa majani makavu ya mgomba nchani, moto ukiwa umekwisha zimika na jiko limepoa. Ufa ukitokea, uloweshwe kwanza, kisha uzibwe kwa udongo wa kichuguu uliokandwa na jivu na nyasi zilizokatwakatwa, na jiko liachwe siku mbili tatu bila moto.

Jiko la mkaa lenye kikombe cha udongo ndani ya bati, ambalo lilienea kutoka Kenya miaka ya 1980, adui yake ni maji: anayezima makaa kwa kuyamwagia humo humo hukipasua kikombe, kisha humlaumu fundi.

Jiko la gesi ni jamaa wa hayo yote, ingawa wenye nalo hujiona wamehama ukoo. Mwali wake wa buluu ni dalili ya siha. Ukigeuka wa manjano na kupaka sufuria masizi, jua kwamba hewa haitoshi, pengine maziwa yaliyofurika jana yamekauka katika matundu. Kichwa cha jiko kikipoa kivuliwe, kiloweshwe katika maji ya moto na sabuni, matundu yazibuliwe kwa sindano wala si kwa njiti inayokatikia ndani, kisha kikaushwe barabara. Mpira wa mtungi upakwe maji ya sabuni. Yakitoa mapovu, gesi inavuja, na kwa kuwa gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na hutuama sakafuni, fungua mlango na usiwashe hata taa. Tanuri la chini hupakwa magadi soda yaliyokorogwa kwa maji kidogo, yakalala usiku, na asubuhi hufutwa kwa kitambaa chenye siki. Wako wanaotandika karatasi ya bati sakafuni mwa tanuri ili wasisumbuke kusugua. Hao huyafunika matundu ya hewa kwa mikono yao wenyewe, wakashangaa keki kuungua chini na kubaki mbichi juu.

Ama jivu la kuni, lisipelekwe shambani likiwa limetoka jikoni wakati huo huo. Lilale katika debe la bati lenye mfuniko, mbali na banda la nyasi, kwani kaa dogo lililojificha ndani yake laweza kuishi hadi alfajiri. Likipoa kabisa ndipo linyunyizwe migombani, ambako potasiamu iliyomo huhitajiwa kuliko mahali pengine popote pa shamba.