Nani Arushe Mpira?

Hapa Bwera, karibu na mpaka wa Mpondwe, ubishi wa michezo ni wa kandanda: nani alinde mlango, nani aongoze mashambulizi. Lakini mwaka 2012 vijana wa Lugazi, mashariki ya Kampala, walikwenda Williamsport, Marekani, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za besiboli ya watoto. Huko waliwashinda Gresham wa Oregon 3-2. Tangu hapo Waganda tuna ubishi mwingine, tena mgumu zaidi: nani arushe mpira.

Mlinda mlango aweza kusimama golini kila siku. Mrushaji hawezi. Kila mpira autupao kwa nguvu huzivuta kano za kiwiko, na kano ikichanika huenda akakaa nje mwaka mzima. Ndiyo maana timu kubwa za Marekani huwapokezanisha warushaji wapatao watano, na mashabiki huanza kuzibishania zamu hizo tangu Februari, timu zinapojinoa Arizona na Florida. Akiuzwa mmoja, zamu yote huvurugika.

Kwa watoto, kanuni imekwisha kata shauri. Kikomo cha mwenye miaka 11 au 12 ni mirusho 85 kwa siku. Akifikisha 66, apumzike siku 4. Kocha mwenye hodari mmoja tu huiona adhabu. Sisi twaiona ngao. Aliyerusha 70 Jumanne hasimami tena kurusha hadi Jumapili, hata kama fainali ni Jumamosi.