JUMBA LA KIFAHARI MJINI: MAKAZI AU MTAJI?

Na Mwandishi Wetu

Mfanyabiashara akishafanikiwa jijini Dar es Salaam, jambo la kwanza analofikiria baada ya gari ni jumba. Hulitaka liwe na sebule ya kupokea wageni hamsini bila kubanana, veranda pana inayotazama bustani, na upande wa pili ambako mke na watoto wataishi bila kusumbuliwa na shamrashamra za wageni.

Majumba ya aina hii yamejaa Masaki, Oyster Bay, Mikocheni na Mbezi Beach. Swali linalomhusu mwenye mtaji ni moja: je, fedha zinazofukiwa pale zinarudi?

Zilikotoka nyumba hizi

Oyster Bay ilipangwa na serikali ya kikoloni ya Waingereza kuwa makazi ya Wazungu, yenye viwanja vikubwa na nyumba chache. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, viongozi walikatazwa kumiliki nyumba za kupangisha. Mwaka 1971 Serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya Sh. 100,000. Masharti kwa viongozi yalilegezwa mwaka 1991 kwa uamuzi unaojulikana kama Azimio la Zanzibar. Tangu hapo ujenzi wa majumba ya watu binafsi umeshika kasi, hasa kuelekea Mbezi.

Ramani ndiyo bei

Jumba zuri la kupokea wageni hutambulika kwa mgawanyo wake kuliko kwa marumaru. Wajenzi wa nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar walilijua hilo zamani: mgeni aliishia barazani au kwenye daka, na ndani palikuwa pa wenyewe. Jumba la leo linalouzika hufuata busara hiyo hiyo. Sebule ya wageni ina choo chake na mlango wake wa kutokea bustanini. Familia ina sebule yake ndogo karibu na vyumba vya kulala. Jiko la ndani ni la chai na chakula cha kila siku, na jiko la uani ni la masufuria makubwa ya pilau siku ya shughuli.

Pale ambapo mgeni hana budi kupita mbele ya vyumba vya kulala ili afike chooni, mnunuzi atashusha bei, hata kama dari limenakshiwa.

Gharama nazo hazilali. Tangi la maji, jenereta, viyoyozi, mlinzi, mtunza bustani na dawa ya bwawa la kuogelea vyote vinadai fedha kila mwezi. Karibu na bahari, chumvi ya hewani hula mageti na nondo za madirisha, hivyo rangi hupakwa mara kwa mara.

Tupige hesabu

Tuchukue mfano wa kukadiria tu. Jumba na kiwanja vimegharimu Sh. 1,500,000,000 na linapangishwa kwa Sh. 8,000,000 kwa mwezi. Likikaa tupu miezi miwili, mwaka utaleta Sh. 80,000,000. Ondoa kodi ya zuio ya asilimia 10, zibaki Sh. 72,000,000. Matengenezo na ulinzi yakila Sh. 12,000,000, mkononi zinabaki Sh. 60,000,000, yaani asilimia 4 ya mtaji.

Hatifungani ya Serikali ya miaka 25 ilipotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2021 ilikuwa na riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka. Mwenye jumba atajibu kwamba kiwanja hupanda thamani na hatifungani haipandi. Ni kweli, lakini faida hiyo huionja siku ya kuuza tu, na wanunuzi wa jumba la bei hiyo ni wachache. Anayehitaji fedha za kukomboa kontena bandarini wiki hii hawezi kuuza nusu ya sebule.

Liko pia suala la dola. Kwa miaka mingi pango la Masaki na Oyster Bay lilitajwa kwa dola, na wenye nyumba walijikinga hivyo dhidi ya kushuka kwa shilingi. Kanuni zilizotolewa Machi 2025 zilipiga marufuku kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Aliyenunua kwa kutegemea kinga hiyo hana budi kupiga hesabu upya.

Sheria usizipuuze

Kwanza, hati. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na unachonunua ni haki ya kuikalia kwa muda maalumu, kama miaka 33, 66 au 99. Uliza imebaki mingapi.

Pili, ufukwe. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Veranda inayogusa mchanga inaweza kuwa hasara.

Tatu, na hili ndilo limewaliza wafanyabiashara wengi, nyumba ya ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mmoja wa wanandoa kuiuza, kuipangisha au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Hivyo ukinunua, hakikisha mke au mume wa muuzaji ameridhia kwa maandishi. Na ukitaka kuiweka rehani benki ili uongeze mzigo dukani, kumbuka kwamba biashara ikiyumba, watakaotoka ni watoto.

Mwenye mtaji mdogo

Kwa mwekezaji mdogo, faida ya majumba haya iko pembeni yake: vifaa vya ujenzi, samani, upishi wa shughuli, ukodishaji wa viti na maturubai. Huko fedha huzunguka kila wiki.

Kwa mwenye uwezo, ushauri wetu ni huu: jenga jumba kwa faida iliyokwishatoka kwenye biashara, usilijenge kwa mtaji unaozunguka. Lihesabu kuwa makazi ya familia yako. Likipanda thamani, hiyo ni nyongeza.