Mtoto Asiyehesabiwa: Lugha kama Chanzo cha Historia ya Ukoo

Katika mitaa ya Temeke na Kinondoni, mwanamke akishazaa huitwa kwa nadra kwa jina lake. Huwa Mama Fulani, na huyo Fulani kwa kawaida ni mtoto wake wa kwanza. Tumeizoea mno ada hii hata hatuichunguzi. Mimi nilianza kuichunguza nilipotambua kwamba wazee wa mtaa wetu wa Temeke walimwita bibi yangu mzaa mama kwa jina la mtu asiyekuwamo miongoni mwa watoto wake saba. Mama yangu, ambaye sote tulimjua kuwa kifungua mimba, ana jina jingine kabisa. Jina lile nimeombwa na ukoo nisilitaje hadharani. Itoshe kusema kuwa ni mojawapo ya majina wapewayo mabinti waliozaliwa usiku.

Hoja ya mhadhara huu ni kwamba pale ambapo hapana maandishi, Kiswahili chenyewe kimetunza habari za watoto walioishi siku chache tu, ila mtafiti asiyeisikiliza lugha kwa makini atazipita au atazisoma visivyo.

Maandishi yenyewe hayatatuchukulia muda. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ilitungwa Tanganyika mwaka 1920, lakini kwa Waafrika walio wengi uandikishaji haukuwa wa lazima, na ulienezwa wilaya baada ya wilaya. Mkristo aweza kubahatika katika kitabu cha ubatizo cha parokia; Mwislamu aweza kukuta tarehe imeandikwa ndani ya jalada la Msahafu. Kwetu hakikupatikana hata kimoja. Wala jambo lenyewe si la nadra: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2004-05 ulikadiria kuwa kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, 68 hawakufikia umri wa mwaka mmoja, ule wa mwaka 2022 ulikadiria 33.

Basi hubaki kuuliza, na hapo ndipo sarufi inapoingia. Ukimwuliza mwanamke, "Una watoto wangapi?" atakutajia walio hai. Hakudanganyi; umemwuliza alio nao. Wataalamu wa takwimu walikwisha kuliona hili. Katika tafiti zao humwuliza mama kuhusu watoto anaoishi nao, walio kwingine na waliofariki, kisha humdadisi hata juu ya yule aliyelia au kuonyesha dalili ya uhai kwa saa chache. Mimi nilibadili kitenzi tu: "Bibi, umezaa mara ngapi?" Alinyamaza, kisha akasema, "Mara nane, mume wangu." Utani wa bibi na mjukuu ulinisaidia hapo. Mama yangu, kwa heshima ya mtoto kwa mzazi, asingeweza kuuliza hivyo.

Kuhusu yule wa nane alisema kwanza, "Hakuwa riziki." Msemo huu una mtego. Husemwa kwa mimba iliyoharibika, kwa mtoto aliyezaliwa mfu, na kwa mtoto aliyeishi kisha akafa. Mwenye kuandika kwa haraka angeandika lolote kati ya hayo matatu. Lakini jina lilikuwapo, na kwa desturi ya Waislamu wa pwani mtoto aghalabu hupewa jina siku ya saba. Kwa hiyo yaelekea aliifikia. Nilipouliza alikufa kwa nini, bibi alijibu, "Degedege." Hapa pia nawasihi wanafunzi wasiwe wepesi kuandika "malaria". Kweli homa kali ya malaria huweza kumtia mtoto degedege, lakini neno hilo hutaja dalili ya kukakamaa na kutetemeka, na wazee wengi hulihusisha na kiumbe arukaye usiku. Andika neno alilolisema mama. Tafsiri iwe yako, na ionekane kuwa ni yako.

Mwaka nao ulikuwamo katika mazungumzo. "Mwaka wa Uhuru," alisema, "siku chache baada ya Maulidi, nami sijatoka arobaini." Maulidi huangukia Mfunguo Sita, na katika mwaka 1381 wa Hijria mwezi huo ulikuwa kati ya katikati ya Agosti na katikati ya Septemba 1961. Arobaini ilikuwa haijatimia, kwa hiyo mtoto alizaliwa Julai au Agosti. Ilipofika Desemba na bendera mpya ikapandishwa katika uwanja ulioko huku huku Temeke, bibi alikuwa ndani. "Kelele nilizisikia," aliniambia. "Nikawaza, mwenzenu angekuwa anajifunza kukaa." Sikuuliza zaidi siku ile. Aliyekubali kusema mara moja hajakubali kuhojiwa kila Ijumaa, na nimeona watafiti wakilisahau hilo.

Kaburi halionekani tena. Palipokuwa na shamba sasa pana nyumba. Katika shajara ya ukoo nimeandika: "Binti, wa kwanza. Alizaliwa usiku, Julai au Agosti 1961, Temeke. Hakufikia arobaini. Degedege, kwa maneno ya mama yake." Ilibidi niifute namba moja iliyokuwa mbele ya jina la mama yangu na kuandika mbili. Nilipomwonyesha karatasi hiyo aliisoma polepole, akasema kwamba tangu utotoni alikuwa akijiuliza kwa nini mama yake haitwi kwa jina lake yeye.