Msaidizi Naye ni Mfanyakazi

Ndugu wafanyakazi wa Mbale na Jinja,

Katika ziara zetu viwandani tunakuta wasaidizi kila mahali: msaidizi wa fundi mitambo, msaidizi wa karani wa stoo, utingo wa lori. Wote huambiwa neno moja: "Wewe bado unajifunza, vumilia." Wengine wamevumilia miaka kumi. Leo tunawaletea habari za wasaidizi wa kazi nyingine, walio mbali nasi, lakini mkasa wao ni kama wetu.

Huko Marekani vyuo vikuu vina timu kubwa za mpira wa kikapu. Anayeonekana ni kocha mkuu. Nyuma yake wako makocha wasaidizi. Wao husafiri kutafuta wachezaji, huchunguza mchezo wa wapinzani, na husimamia mazoezi. Anayetaka kuwa kocha mkuu kwa kawaida huanzia hapo, akihama chuo hata chuo.

Mwaka 1991 vyuo hivyo, kupitia chama chao kiitwacho NCAA, viliamua kupunguza gharama. Mshahara wa kocha mkuu haukuwekewa mpaka. Aliyebanwa ni wa chini: kocha wa nne wa kikapu asilipwe zaidi ya dola 16,000 kwa mwaka, yaani 12,000 za miezi ya masomo na 4,000 za likizo ya kiangazi. Kabla ya hapo baadhi ya makocha wa muda walikuwa wamefikia dola 60,000 au 70,000. Ikasemwa kwamba nafasi hiyo ni ya vijana wanaoanza kazi. Lakini kanuni haikukataza chuo kumchukua mzoefu kwa ujira ule ule.

Ndugu, tazameni vizuri. Mtu huyu hakupunjwa na mwajiri mmoja. Waajiri walikaa meza moja wakapanga bei yake. Akihama, anakuta mshahara ni ule ule.

Makocha wachache wakaungana wakaenda mahakamani. Mwaka 1995 mahakama ya Kansas iliamua kwamba kanuni ile ilivunja sheria ya ushindani wa biashara. Mwaka 1998 mahakama ya rufani ilikubali. Mwaka 1999 NCAA ikaafiki kulipa dola milioni 54.5 kwa makocha wa kikapu na wa michezo mingine waliobanwa.

Sisi hapa Uganda, kima cha chini kiliwekwa shilingi 6,000 kwa mwezi mwaka 1984. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada mpya, Rais hakuutia sahihi. Kwa hiyo ngao yetu ni mkataba wa pamoja. Ndani yake tudai kifungu cha wasaidizi: muda wa kujifunza uwe na mwisho, na mwisho huo uwe na cheo na mshahara wake.

Wewe msaidizi usiyejiandikisha, mwone mwakilishi wa chama kazini kwako. Waajiri wanajua kukaa pamoja. Na sisi tukae.