Tairi Kubwa, Difu na Joto la Giaboksi

Gari linapofungwa tairi zenye kipenyo kikubwa kuliko zile za kiwandani, kinachobadilika si kimo chake peke yake, kwa kuwa tairi ni sawa na gia ya mwisho kati ya injini na barabara, na kadiri kipenyo chake kinavyokua ndivyo nguvu ya kusukuma inayofika ardhini inavyopungua, hata kama injini haikuguswa. Tairi la 285/70R17 lina kipenyo cha milimita 831 hivi, na la 315/70R17 lina milimita 873. Tofauti hiyo ya asilimia 5 ni ndogo kwa macho, lakini kwenye mlima kama Kitonga, gari la otomatiki lenye mzigo huidhihirisha mapema, giaboksi inaposhindwa kukaa kwenye gia ya juu na kurudi chini kila mara.

Tiba ya msingi iko kwenye difu, yaani kifaa cha kwenye ekseli kinachopokea mzunguko wa propela, shafti inayotoka upande wa giaboksi, na kuugawa kwa magurudumu. Ndani yake pinioni, gia ndogo, huzungusha krauni, gia kubwa, na meno ya krauni yakigawanywa kwa meno ya pinioni hupatikana uwiano wa difu. Pinioni ya meno 10 na krauni ya meno 41 hutoa 4.10, maana yake propela huzunguka mara 4.10 ili gurudumu lizunguke mara moja. Pinioni ikiwa na meno 9, uwiano hupanda hadi 4.56. Ili kuupata uwiano unaofaa, ule wa zamani huzidishwa kwa kipenyo kipya na kugawanywa kwa kipenyo cha zamani, hesabu ambayo kwa tairi zilizotajwa huitoa 4.10 na kuifikisha 4.31. Hata hivyo, hesabu hiyo haiuoni uzito, ilhali tairi kubwa huwa zito zaidi, tena uzito wake mwingi uko mbali na kitovu, mahali ambapo ni vigumu zaidi kuuzungusha na kuusimamisha. Ndiyo maana Jeep, ilipotangaza mwaka 2021 Wrangler Rubicon yenye tairi za 315/70R17, haikuishia 4.31, bali iliiwekea difu ya 4.56.

Katika gari la magurudumu manne yanayovuta, difu ya mbele na ya nyuma lazima ziwe na uwiano mmoja, la sivyo ekseli zitashindana na kuvunja gia zinazoziunganisha. Spidomita nayo hurekebishwa, kwani kwa tairi zilizotajwa hapo juu, ikisoma 100 gari huwa liko karibu na 105.

Joto ndilo linaloua giaboksi za otomatiki kimyakimya. Kati ya injini na giaboksi ya namna hiyo kuna konvata, chombo kinachopitisha nguvu kwa msukumo wa oili, na pale injini inapozunguka kwa kasi kuliko giaboksi, tofauti hiyo hugeuka joto. Konvata ina klachi ya kuifunga ili utelezi huo ukome, lakini mzigo ukizidi, kama inavyokuwa tairi kubwa zikifungwa bila difu inayofaa, klachi hiyo hufunguka, na oili ambayo kwa kawaida hufanya kazi kati ya nyuzijoto 80 na 95 inaweza kupita 120, ambako huchakaa haraka mno. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyongeza ya nyuzijoto 10 hupunguza umri wa oili kwa karibu nusu.

Kipoza-oili cha ziada, ambacho hufungwa mbele ya rejeta ili kipate upepo, husaidia sana, hasa oili inapopita kwanza kwenye kipoza cha ndani ya rejeta kisha ikamalizia kwenye hicho cha ziada. Lakini kipoza huondoa joto lililokwisha kuzalishwa, wakati difu sahihi hulizuia lisizalishwe. Kwa hiyo mwenye gari anayepanga bajeti ya tairi kubwa atenge kwanza fedha za difu zote mbili, kisha za kipoza na kipimajoto cha oili, na kama fedha hizo hazipo, abaki na saizi ya kiwandani.