Mgeni wa Noti Mkaribishe Barazani

Mzee mmoja wa hapa Mombasa, fundi wa udi wa miaka mingi, alinikabidhi madaftari matatu na kanda kadha wa kadha. Humo mlikuwa na tungo zake, nyingine akiwa hajapata kumsikilizisha mtu. "Mwanangu," akaniambia, "hii ni amana. Ziandike noti zake vijana wasome, lakini hizi ambazo sijazitoa, usizitoe mpaka nikwambie." Nikazipokea kwa mikono miwili.

Jinsi nilivyokaribia kuivunja amana ile, bila ya kujua wala kukusudia, ndiyo habari ninayotaka kuwasimulia leo, wasomaji wapenzi. Huenda ikamfaa kijana yeyote wa taarabu au wa kaswida anayetaka kuwafungulia wenziwe mlango wa noti kwenye intaneti.

Programu niliyoichagua yaitwa LilyPond. Iliasisiwa na Waholanzi wawili, Han-Wen Nienhuys na Jan Nieuwenhuizen, mwaka wa 1996, nayo hupatikana bure. Huchori noti kwa mkono. Waandika herufi tu, kama mtu aandikaye barua, nayo ikakupangia mistari mitano na noti zake kwa unadhifu wa kitabu. Lililonivutia zaidi ni kwamba yazijua zile robo sauti ambazo kinanda cha Kizungu hakina, na ndani yake mna faili maalumu ya muziki wa Kiarabu, yenye maqamu kama vile rast na bayati.

Nikafikiri: si kila kijana ana kompyuta. Basi nikaiweka programu hiyo kwenye seva, nikatengeneza kisanduku cha kuandikia. Kijana aliye Lamu au Malindi aandika kwa simu yake, abonyeza, na ukurasa wa noti wamrudia. Na kwa kuwa seva niliyokuwa nayo ilikuwa moja, tungo za mzee nikazihifadhi humo humo.

Siku moja akaja mpwa wangu, ambaye kazi yake ni kompyuta.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, baba. Hebu itazame kazi yangu."

Akaketi, akaandika mstari mmoja kwenye kisanduku, kisha akanigeuzia kioo. Niliona noti nne tu. Lakini chini yake, mahali pa maneno ya wimbo, palipangwa majina ya faili za seva yangu, na tungo za mzee zikiwamo.

"Mjomba," akasema kwa adabu, "niliyeweza kuyasoma majina naweza kuzisoma faili zenyewe. Na kuzifuta naweza."

Jasho likanitoka.

Akanieleza kisa chake. Maandishi ya LilyPond si maandishi matupu. Ndani yake mna lugha kamili ya kuiamrisha kompyuta, iitwayo Scheme, iliyozaliwa Marekani mwaka wa 1975. Imewekwa makusudi, ili fundi aweze kuigeuza programu apendavyo. Ukiwa peke yako nyumbani kwako, hiyo ni neema. Lakini ukiwaita watu usiowajua, kila barua ya noti yaweza kuficha amri: fungua kasha hili, futa lile, au zunguka bila kikomo mpaka mashine ishindwe.

Nikamwuliza, "Je, haina bawabu?" Akasema alikuwako. Palikuwa na njia ya kuiendesha programu ikiitwa salama, ambayo kazi yake ni kuzuia amri mbaya za Scheme. Mwaka wa 2020 ikadhihirika kwamba mtu aweza kupitisha amri zake kwa PostScript, lugha ya kupangia kurasa za kuchapwa, na bawabu asimzuie. Ni kama mlinzi ajuaye Kiswahili tu, mwizi akampita akinong'ona Kireno. Mwaka huo huo Wikipedia, ambayo hutumia LilyPond kuonyesha noti, ililazimika kuisimamisha huduma hiyo. Iliirudisha mwaka wa 2021, baada ya kuitenga programu mahali pa peke yake. Nao watunzaji wa LilyPond baadaye wakaiondoa kabisa ile njia ya "salama", kwani bawabu asiyetegemewa ni hatari kuliko kukosa bawabu: mwenye nyumba hulala usingizi akidhani analindwa.

Dawa yake, wasomaji, wazee wetu waliijua zamani. Itazameni nyumba ya Kiswahili. Mgeni akipiga hodi hukaribishwa dakani au barazani. Hupewa kahawa na haluwa, huheshimiwa, lakini haingii ndani waliko wenyewe na makasha yao. Hatumpekui mifuko wala hatumdhanii uovu. Nyumba yenyewe imejengwa hivyo.

Ndivyo tulivyofanya. LilyPond tukaifungia katika chumba chake ndani ya seva, isione faili nyingine yoyote. Tukaiendesha kwa jina la mtumiaji asiye na mamlaka, asiyeweza kuuona mtandao. Tukaipa kiasi cha kumbukumbu na sekunde chache tu kwa kila kazi, zikipita, yazimwa. Kazi ikiisha, chumba chafagiliwa, asimkute mgeni wa pili masalio ya wa kwanza. Toleo jipya likitoka tunaliweka bila ya kuchelewa. Na tungo za mzee nikaziondoa kabisa kwenye seva ile, kwa kuwa kisichokuwamo hakiibiki.

Kisha nikaenda kwa mzee, nikamweleza yote. Sikuona haki kumficha mwenye mali. Akanyamaza kitambo, akauliza: "Kuna aliyezichukua?"

"Tulizipitia kumbukumbu za seva zote. Mbali na mpwa wangu, hatukuona mtu mwingine."

"Alhamdulillahi," akasema. "Wewe ulimtegemea Mola, lakini ngamia hukumfunga."

Nami nawaachieni neno hilo. Mlango wa elimu uwe wazi, na vijana waingie. Ila mwenye kuufungua na akumbuke mna amana ya nani ndani, na ajenge baraza kabla ya kuita wageni.